Mguu wa Futi, Mgongo wa Mama Yake

Kabla sijasema lolote niwaambie hili: katika habari hii hakuna mtu mbaya. Nawajua watu. Wakisikia fulani kavunjika mguu, swali lao la pili ni nani kamvunja. Basi mtafuteni mbaya humu mpaka mchoke. Mimi nimeshamtafuta sikumpata.

Kazi yangu ni kukata vitambaa. Wananiita Mkasi, kwa kazi yangu na kwa mdomo wangu, na sikatai hata kimoja. Ninayetaka kumsimulia ni mwenzangu wa dukani, mwanamke niliyefanya naye kazi miaka kumi na minane: mimi nakata, yeye anashona. Chumba chetu kina mlango mmoja na dirisha moja. Meza yangu iko katikati, cherehani yake ya kukanyaga iko chini ya dirisha, na ukutani zimetundikwa sare za shule zikisubiri wenyewe. Yeye wanamwita Futi, kwa kuwa ni fundi na kwa kuwa akisimama kando yangu kichwa chake kinanifika kwapani. Jina hilo alijipa mwenyewe.

"Ukiwa mfupi," aliniambia siku ya kwanza, "jicheke mapema. Ukichelewa watakucheka wao, na wengi wao hawajui kuchekesha."

Futi ana miaka arobaini na miwili. Uso wake ni mdogo, kidevu kimerudi nyuma, na vidole vyake ni vifupi, ncha zake pana, hata subana ya kuzuia sindano isimchome haimkai; anashona bila. Meno yake ya utotoni mengine hayakung'oka. Ya ukubwani yakaota nyuma yake, yakasimama foleni. Na utosi wake, ule unaodunda kwa watoto wachanga, haukufunga mpaka leo. Aliwahi kunivulia kitambaa akaniambia nishike. Nilishika kwa kidole kimoja, nikautoa haraka kama niliyegusa pasi.

Na amevunjika mara kumi na moja. Zote nazijua, maana huzisimulia tukitia vifungo, kama wengine wanavyowasimulia wachumba wao wa zamani. Kuna mguu wa kuruka kamba. Kuna mkono wa mlango wa choo. Kuna ubavu wa kupiga chafya, na huo akiusimulia huwa namwomba aache, kwa sababu nacheka mpaka naharibu mstari wa chaki.

Ila ule wa kwanza kabisa hatuucheki. Alikuwa na miaka miwili. Mama yake alimpeleka hospitali mguu unaning'inia, wakapiga eksirei, na daktari wa siku zile akainua picha dirishani. Mifupa ilikuwa myeupe, imejaa, minene kuliko ya watoto wengine. Daktari akasema, "Mfupa kama huu hauvunjiki wenyewe." Kisha akageuka akamtazama mama.

Basi, yakawa hayo. Lile jicho la daktari lilimtangulia mama nyumbani. Majirani wakajua, mawifi wakajua, na kila mtoto alipovunjika tena ilikuwa ushahidi mwingine. Baba mtu alikuwa mtu wa kunyamaza, na kimya chake kilimuumiza mkewe kuliko maneno ya watu. Hatimaye shangazi yake Futi akaja akamchukua mtoto, eti kumwokoa. Miezi minne baadaye akamrudisha na plasta mpya mkononi, akaweka furushi la nguo mlangoni, akaondoka bila hata kuomba maji ya kunywa. Radhi hakuiomba mpaka anaingia kaburini. Watu hao wapo, tusidanganyane.

Mama hakubishana na mtu. Alimbeba binti yake mgongoni kwenda shule na kurudi mpaka darasa la tano. Alifua nguo za watu mpaka akamnunulia cherehani. Na kila mfupa ulipovunjika alikuwa yeye anayelala sakafuni kando ya kitanda cha hospitali, huku manesi wakimpita kama wanampita mhalifu. Futi aliniambia, "Mimi nilivunjika mifupa. Mama yangu alivunjiwa jina."

Sasa njooni kwenye vidonge.

Miaka miwili iliyopita mama huyo, aliyekuwa na miaka sabini na minne, aliteleza jikoni, akajizuia kwa mkono, kifundo cha mkono kikavunjika. Safari hii mgonjwa akawa yeye. Hospitalini wakamwambia mifupa yake imekuwa myepesi, imeliwa kwa ndani, ni maradhi ya utu uzima. Wakamwandikia kidonge cha mara moja kwa wiki, chenye masharti mengi kuliko mwali: asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, umeze moja kwa moja usikiache mdomoni maana kinaunguza, kisha ukae wima nusu saa, usilale.

Alichofanya yule mama mimi nilikijua baadaye, lakini nakisema hapa msije mkapotea njiani. Alirudi nyumbani na pakiti yake, akakaa nayo, akawaza. Yeye kavunjika mara moja, kapewa dawa. Mwanawe kavunjika mara kumi na moja, hajapewa kitu. Nani anastahili? Ukimpa mama yeyote swali hilo atakujibu hujamaliza kuuliza.

Jumamosi ya kwanza alimwita Futi mezani, akamwekea bilauri ya maji na kidonge kwenye kisosi. "Daktari wangu kasema na wewe utumie," akamwambia. "Hiki ni chako."

Uongo mtupu. Daktari hakusema neno. Lakini Futi angejuaje? Akameza, akakaa wima nusu saa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, mama yake upande wa pili wa meza akilinda saa. Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Mama hakujibakizia hata kimoja. Mwaka mmoja na miezi miwili.

Maumivu yakaanza pajani, mguu wa kulia, ule anaokanyagia cherehani. Futi akasema ni baridi. Baridi gani, na jua linatuchoma hata mkasi haushikiki! Nikamwacha wiki mbili. Wiki ya tatu nikamwona anashuka kitini kwa kujishika ukutani.

"Futi, hospitali. Utatembea au nikubebe?"

"Unibebe wewe? Watu watasema umeniteka."

"Waseme. Twende."

Tulimkuta daktari mpya wa mifupa, binti mdogo tu, anaongea taratibu kama anayehesabu mishono. Mama hakuwepo siku hiyo. Tulikwenda mimi na Futi. Daktari akaitazama eksirei kimya. Nikasubiri aseme kile walichosema wote, kwamba mifupa mizuri hii, imara. Hakusema. Alikuja akauchukua mkono wa Futi, akatazama ncha za vidole, kimoja kimoja. Akaomba kugusa utosi. Akauliza habari za meno.

"Dada, umevunjika mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na kila mara wanakuambia mifupa yako mizuri?"

Futi akacheka, halafu akaacha kucheka. "Umejuaje?"

Ndipo akatueleza, na mimi mwenye kichwa kizito nikaelewa, kwa hiyo na ninyi mtaelewa. Mfupa si jiwe, alisema, ni kitu kinachoishi. Mwilini mna chembe ambazo kazi yake ni kula mfupa uliochakaa, na nyuma yake zinakuja nyingine zinajenga mpya pale pale. Kazi hiyo haisimami tangu tumboni mwa mama hadi kufa. Zile zinazokula zina kimeng'enya chao cha kuyeyushia nyuzi zinazoushika mfupa. Wataalamu wanakiita kathepsini K. Futi alizaliwa nacho kikiwa hakifanyi kazi. Mfupa wake unajengwa, lakini uliochakaa hauondolewi inavyopaswa.

Futi akasema, "Yaani ninashonewa juu ya nguo kuukuu, hakuna wa kufumua."

"Hivyo hivyo."

"Kiraka juu ya kiraka. Inakuwa nzito, ukiivuta inachanika."

"Ndiyo maana picha inaonyesha mfupa mweupe na mnene," daktari akasema, "na ndiyo maana unavunjika. Ubovu umefichwa na unene. Wengi wamedanganyika."

"Na nani aliniletea?"

"Hakuna aliyekuletea kwa kutaka. Baba alibeba kasoro moja, mama akabeba moja, na wote wawili walikuwa wazima. Wewe ukapokea zote mbili. Wala hakukuwa na mtu wa kukupiga, kama kuna aliyewahi kusema hivyo."

Futi hakumwambia kwamba kuna waliosema. Alitazama sakafu, machozi yakamdondokea kwenye sketi, na hakuyafuta. Daktari, labda kwa kutaka kumchangamsha, akasema kuwa ni watu wenye maumbile kama yake waliowafundisha wataalamu kazi ya kimeng'enya kile. Wakaona kumbe kikikosekana mfupa unajaa, basi labda wazee ambao mfupa wao unaliwa kupita kiasi wangesaidiwa kwa kukizima. Wakaitengeneza dawa, mifupa ya wazee ikaongezeka kweli, lakini viharusi navyo vikaongezeka, wakaiacha.

"Kwa hiyo nimefundisha wataalamu," Futi akasema.

"Umefundisha."

"Na hata cheti sina."

Tukacheka wote watatu. Halafu daktari akarudi kwenye picha, akatuonyesha kimstari pajani, chembamba kama uzi. Ufa. Haukuwa umevuka upande wa pili. Ukivuka, alisema, kuna kazi: watu wengine wanapitishiwa chuma ndani ya mfupa, lakini wa Futi umejaa, chuma hakina pa kupita, na ukitobolewa ovyo unaweza kupasuka. Kwa hiyo kukanyaga cherehani basi, magongo mawili, na subira.

"Na jingine. Kuna vidonge wanavyopewa wazee, vya mara moja kwa wiki. Vinazuia mfupa usiliwe. Wako hauliwi vya kutosha tayari, kwa hiyo ukipewa vile ni kumfunga kamba mtu asiyetembea. Umewahi kuvitumia?"

"Hapana," Futi akasema.

Nilikuwa nimekaa kando yake. Niliona mkono wake umekamata mkoba mpaka mishipa imesimama, nikadhani ni hofu ya mguu. Mimi na macho yangu haya ninayojisifia kuwa yanaona nusu inchi kutoka mlangoni! Sikuona kitu.

Tukaifungia cherehani mota. Futi akawa anakuja na magongo yake, anashona mguu umewekwa juu ya kigoda, kazi inakwenda. Lakini akaanza kukonda. Mchana nikifungua chakula, yeye anakunywa chai iliyopoa, tena kwa upande mmoja wa mdomo. Nikiuliza, "Meno." Nikisema twende kwa daktari wa meno, "Wakija kunivunja na taya je?" Nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu.

Wiki kama ya saba hivi, mama yake akaja dukani kutaka gauni. Alisema la zamani limeanza kumburuza mbele, litakuja kumwangusha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnishonee lile lile, ila pindo mpunguze."

Sasa sisi tuna daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake na tarehe zake. Watu wananenepa, wanakonda, wengine wanapata tumbo la ghafla la miezi mitano, tunaandika, hatusemi. Nikafungua ukurasa wa mama, nikamsimamisha kwenye mwanga, nikapima kutoka begani hadi kifundo cha mguu.

Nikapima tena.

Mara ya tatu nikamwomba avue viatu, nikamwambia asimame wima. "Nimesimama, mwanangu," akasema. Na kweli alikuwa amesimama. Katika muda usiofika miaka miwili alikuwa amepungua inchi mbili na robo. Mgongo ulikuwa umejikunja juu, ndiyo maana gauni lilipanda nyuma na kuburuza mbele. Pindo halikuwa na kosa lolote.

"Mama," nikasema, "zile dawa zako za mifupa unameza?"

"Nameza. Kila Jumamosi."

Alinijibu mimi lakini alimtazama Futi. Na mota ya cherehani ikazima.

Nilimsindikiza mama hadi barabarani, nikikumbuka vidonge alivyovitaja daktari na ile chai ya upande mmoja wa mdomo, nikarudi, nikafunga mlango saa tano ya asubuhi wateja wakiwa njiani.

"Futi, fungua mdomo."

"Wewe daktari wa meno lini?"

"Fungua mdomo, au nakufungua kwa rula."

Akafungua. Mungu wangu! Chini ya ulimi na kwenye fizi vidonda vyeupe, vingine vibichi. Haya hayakuwa meno. Nikakaa chini kwenye marobota ya vitambaa, naye akanieleza yote, kuanzia Jumamosi ya kwanza. Kwamba alipomsikia daktari akivitaja vile vidonge alivitambua papo hapo, na papo hapo akatambua kuwa mama yake alimdanganya. Kwamba tangu siku ile hamezi. Anakiweka chini ya ulimi, anakunywa maji, anakaa wima nusu saa mama akimtazama, kisha anakwenda chooni kukitema. Nusu saa kinamuunguza, na anatabasamu nacho.

"Wewe una wazimu," nikamwambia. "Taya lenyewe ndilo hilo unaloliogopea. Kwa nini usimwambie?"

"Mkasi, usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

Akaweka mikono juu ya kitambaa alichokuwa anakishona. "Miaka arobaini mama yangu anasemwa kwamba ananivunja. Arobaini. Juzi nimepata daktari wa kwanza kusema si kweli, na hata raha hiyo sijampa, maana nikianza tu nitafika kwenye vidonge. Leo nikamwambie, mama, safari hii ni wewe?"

Hasira nilikuwa nazo, na hasira zangu huwa zinanipa jibu hata pasipo na jibu. Nikainuka, nikamwekea daftari mapajani, kidole changu juu ya namba mbili, ya zamani na ya leo.

"Soma."

Akasoma. Fundi haelezwi vipimo.

"Yeye anameza nini, Futi? Ulijiuliza?"

"Nilidhani anagawa nusu kwa nusu."

"Hagawi. Anakupa vyote, na wewe unavitema chooni. Unamficha asilaumiwe, na yeye anakunjika mbele ya macho yako. Akianguka tena hatavunja mkono, atavunja nyonga, na ninyi wawili mtalala vitanda vya jirani. Hapo ndipo atakapolaumiwa vizuri."

Maneno makali, najua. Futi alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye, mteja akagonga mlango nikamfokea arudi kesho. Aliponyamaza alifunga daftari.

"Usimwambie wewe," akasema. "Nitamwambia mimi. Lakini mbele ya daktari, ili akiuliza swali awepo wa kumjibu. Mimi nitamjibu uongo."

Mama alikubali kwenda kwa urahisi, akidhani tunampeleka Futi. Tukaenda watatu, Futi kwa magongo, mama kwa kuinama, mimi katikati sijui nimshike nani. Daktari alianza na picha mpya ya paja. Ufa haukuwa umepona, lakini haukuwa umesonga mbele. Mama akasema, "Ni vile vidonge vimemsaidia," akitabasamu.

"Vidonge gani?" daktari akauliza.

Futi akavuta pumzi. "Daktari, siku ile nilikudanganya. Nili..."

"Nimempa mimi," mama akamkata. "Asisingiziwe mtoto. Ni vyangu, nimempa mimi, kwa uongo wangu."

Hivyo tu. Tulikuwa tumekesha kwa mawazo namna ya kumpunguzia aibu, naye aliinyakua kabla hatujafika. Nadhani mtu aliyelaumiwa miaka yote ile hujua lawama inapoelekea kabla wengine hawajaiona.

Daktari hakumkemea. Alisogeza kiti mbele yake, akamweleza kama alivyotueleza sisi. Jinsi mfupa unavyoliwa na kujengwa. Jinsi kile kimeng'enya kilivyokosa kazi kwa binti tangu tumboni. Na kwamba kwa yeye mama mambo ni kinyume: chembe zinazokula, zenye kimeng'enya hicho hicho, zinafanya kazi kupita kiasi, wajenzi wamezidiwa, ndiyo maana mgongo unakunjika. Kidonge kile kilikuwa breki ya kwake yeye. Kwa Futi hakukuwa na gari la kuzuia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza lile tulilokuwa tunaliogopa.

"Kwa hiyo nimemvunja?"

"Siwezi kusema hivyo, mama. Mifupa yake ilikuwa inavunjika tangu zamani bila dawa yoyote. Ufa huu ungeweza kuja wenyewe. Vidonge havikumsaidia, na asivimeze tena. Hilo ndilo ninalolijua."

"Na ile mingine? Ya utotoni?"

"Ile mingine hukumvunja wewe. Hata mmoja."

"Rudia."

"Hata mmoja, mama."

Mama akatikisa kichwa pole pole. Nilitegemea alie. Nilitegemea aseme waliokuwa wanamsema wote wangekuwepo wasikie. Mimi ningesema, tena kwa majina yao. Futi alikuwa amemshika bega, anasubiri kumpokea. Lakini mama alikuwa ameshavuka, akili yake ilikuwa mahali pengine, na niliona anapiga hesabu yake.

"Mwanangu daktari," akasema, "hicho kitu. Umesema kwangu kimezidi."

"Kimezidi, ndiyo."

"Na kwake hakuna."

"Hakuna kinachofanya kazi."

Mama akaanza kukunja mkono wa gauni. Aliukunja vizuri, pindo juu ya pindo, mpaka juu ya kiwiko, mkono ule ule uliovunjika jikoni, mwembamba, kifundo kimekaa upande. Akaunyoosha mezani mbele ya daktari.

"Basi chota hapa umpe."

Daktari alitazama ule mkono. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haiwezekani, mama. Hakichoteki hivyo. Hata wataalamu wakubwa bado wanaumiza vichwa."

Mama hakuurudisha mkono.

"Pima kwanza," akasema, "ndipo useme hapana."

Daktari akafungua droo. Akatoa mpira wa presha, akauzungushia mkono ule, akaujaza upepo, akapima presha, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho cha kupima. Futi aliegemeza kichwa chake kwenye bega la mama yake akiwa amefumba macho. Na mama alikaa wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, akimtazama daktari usoni, akisubiri majibu.